Nguo Zilizofika Bila Mwenyewe

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya kazini nililifanya kwa wema, na halikunichukua hata nusu saa. Vifaa vyake vilikuwa gazeti la zamani, kamba ya katani na moyo mweupe.

Hiyo ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini, Katavi ikiwa bado jina la mbuga tu na sisi tukiwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, tukipokea barua kutoka Sumbawanga zilizochakaa kana kwamba zimekuja kwa miguu. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, mpya kabisa, mwenye shahada ya sosholojia, suruali mbili za kitambaa na tasnifu ya kurasa tisini. Tasnifu ile ililinganisha namna nchi mbalimbali zinavyomhukumu na kumweka kizuizini mtu aliyetenda kosa akiwa na ugonjwa wa akili. Nilikuwa nimewachambua Waingereza, Wanorwei, Waswidi, Wamarekani na sisi wenyewe. Mtu wa namna hiyo nilikuwa sijawahi kukutana naye hata mmoja. Msimamizi wangu hakuiona hiyo kuwa dosari, na mimi niliiona kuwa sifa: ilimaanisha sina upendeleo.

Ofisi yetu ilikuwa Kashaulili, jirani kabisa na soko, hivyo mashauri ya ndoa tuliyasikiliza pamoja na bei za dagaa. Mkuu wangu alikuwa mama wa Kifipa aliyebakiza miaka michache astaafu. Wiki ya kwanza nilimwachia tasnifu mezani, nikijifanya nimeisahau. Aliisoma yote, jambo ambalo hata mchumba wangu hakulifanya, akanirudishia na swali moja.

"Hao watu wako wa Swideni, wakishapona, wanarudi kwa nani?"

Nilipekua kurasa tisini kichwani. Nikamwambia hilo ni suala la utekelezaji.

"Ehe," akasema. "Basi utekelezaji ndio mimi na wewe."

Kati ya majalada niliyorithi lilikuwamo la mrina asali mmoja wa vijiji vya Ugalla. Mwaka mmoja kabla sijafika, mtu huyu alikuwa ameichoma moto nyumba ya jirani yake. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, akisifiwa kwa kupanda miti mirefu na kwa kutosema sana. Kisha, kwa miezi kadhaa, akaanza kusema sana, hasa na nyuki. Akaamini kwamba nyuki wake wameihama mizinga, wameingia kwenye paa la nyasi la jirani, na humo ndani wanalitaja jina lake mchana kutwa. Akafanya kile ambacho mrina asali yeyote angefanya: akawasha kienge, ule mwenge wa magome makavu wa kuwafukizia nyuki moshi, akaupandisha kwenye paa. Nyumba iliteketea, na ghala la mahindi pamoja nayo. Jirani aliungua mkono wa kushoto akimtoa mama yake mzazi. Hakufa mtu. Walipomkamata mrina alikuwa amesimama palepale uani, akishangaa mbona asali haitoki.

Mahakama iliamua kwa namna ambayo nilikuwa nimeiandikia sura nzima, kwa hiyo nilisoma hukumu ile kwa furaha isiyo na adabu. Ilisema kwamba kitendo alikitenda, lakini hana hatia, kwa kuwa alipokitenda alikuwa na maradhi ya akili. Mtu akisikia "hana hatia" hudhani mshtakiwa alikwenda nyumbani. La. Alipelekwa kwenye hospitali yenye ukuta na askari, safari ya mbali kwa treni, akae huko mpaka madaktari waseme amepona na Waziri akubali atoke. Muda haukutajwa. Mwizi wa ng'ombe aliyehukumiwa siku hiyohiyo alijua mwezi atakaotoka. Asiye na hatia hakujua.

Utaratibu huo tuliachiwa na Waingereza, pamoja na chai ya saa kumi. Norwei, kwa nilivyosoma, walitazama kama mtu alikuwa mgonjwa, wasihangaike sana na kama alijua analofanya ni kosa. Swideni walimtia hatiani hata mgonjwa, kisha wakampeleka kwenye matibabu badala ya gereza. Majimbo machache ya Marekani yalikuwa yameufuta utetezi wa wazimu kabisa. Nilikuwa na maoni makali juu ya kila mmoja wao.

Sasa niseme kuhusu furushi. Kabla ya kupelekwa hospitali, mrina alikuwa amekaa mahabusu hapo Mpanda kwa miezi mingi. Alipoondoka alivaa sare, nguo zake zikabaki stoo. Siku moja nilikwenda kule kwa shughuli nyingine, na mtunza stoo, mtu mwenye utaratibu wake, akanionyesha: shati la kaki, suruali yenye viraka magotini kwa sababu ya kupanda miti, na katambuga za tairi.

"Hizi mwisho wa mwezi nazichoma," akasema. "Zinaniletea panya."

Nikaona uchungu. Mali ya maskini, nikajiambia, na hapo ndipo moyo mweupe ulipoingia kazini. Nilizikunja vizuri, nikazifunga kwa gazeti na kamba ya katani, nikaandika juu jina la mwenyewe na la kijiji, nikamkabidhi mtu wa treni azishushe kwenye kituo kidogo cha porini kilicho karibu na kwao. Barua ya maelezo sikuandika. Nilidhani nguo zinajieleza. Siku hiyo nililala nikijiona mtu wa maana.

Ilipita karibu miaka miwili. Ndipo ikaja barua kutoka kwa madaktari. Mgonjwa ametulia, iliandika, sasa ni zaidi ya mwaka hana dalili yoyote, anapata sindano mara moja kwa mwezi na anashirikiana vizuri na wahudumu. Wanakusudia kumpendekeza atoke. Lakini kabla ya Waziri kupelekewa jalada, ofisi yetu ijibu maswali matatu: je, ndugu wako tayari kumpokea? Je, jirani aliyedhurika anasemaje? Na nani atahakikisha anapata sindano? Chini kabisa kulikuwa na sentensi iliyopigwa mstari: iwapo hakuna wa kumpokea, ataendelea kubaki.

Mkuu wangu aliisoma mara mbili. "Umeona? Swali langu lile limekuja kwa mashine ya chapa. Nenda Ugalla. Na usimtaje Mswidi hata mmoja."

Nikapanda treni, nikashuka kwenye kituo kile cha porini, nikatembea saa mbili kati ya miyombo iliyotundikwa mizinga ya magome kama mitungi iliyolala. Kwao mrina nilimkuta dada yake mkubwa, mama wa miaka hamsini na ushee, ameketi kivulini mwa jiko akisokota kamba za kupandia miti. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda na maji. Nikajitambulisha kuwa ni bwana ustawi kutoka mjini.

"Nimekuja kwa habari za mdogo wako," nikasema.

"Habari zake zipi tena, baba?" Hakuacha kusokota. "Sisi tulishanyoa."

Nilidhani anazungumzia kondoo. Kweli kabisa, ndivyo nilivyodhani, mimi mwenye shahada. Nikauliza wamenyoa nini.

"Vichwa. Watu wakifiwa kwenu hawanyoi?"

"Nani amekufa?"

Hapo mikono yake ikasimama. "Si yeye? Nguo zake si zilirudi? Zikarudi zimekunjwa, zimefungwa vizuri, jina lake juu, neno hakuna. Nguo za mtu zikirudi hivyo bila mwenyewe, kwenu mnasema yuko harusini?"

Nilimwambia mambo mawili kwa pumzi moja, yakapandana: kwamba mdogo wake yu hai na anaendelea vizuri, na kwamba zile nguo nilizituma mimi.

Hakupiga kelele. Aliiweka kamba chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Anakula?"

"Anakula," nikasema. Barua ya madaktari haikutaja chakula, lakini nilijibu kama mtu aliyemlisha kwa mkono.

Akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa khanga, akainuka. Nilitegemea ataniletea ugali. Badala yake akaelekea ukingo wa ua, akapaza sauti kuelekea nyumba za upande wa pili: "Jamani! Njooni mumwone aliyemuua ndugu yetu! Amekuja mwenyewe, na viatu amevaa!"

Jioni ile na asubuhi iliyofuata nilifahamu yote niliyoyatenda. Furushi lilipofika, wazee wa ukoo walikaa wakalipima, wakakubaliana kwamba serikali imeona haya kusema. Msiba ukawekwa. Na kwa kuwa maiti haikuwapo, watani wa ukoo, ambao huko ndio wenye kazi ya kuzika na kutukana msibani, walichimba kaburi fupi nyuma ya kichuguu, wakazika nguo. Mbuzi akaliwa. Mizinga ya marehemu ikagawiwa kwa wapwa zake. Katika mifumo yote niliyoilinganisha, hakuna uliokuwa umempa mrina yule adhabu ya kifo. Niliitoa mimi, kwa gazeti na katani.

Nilijaribu kulichukulia jambo hili kiofisi. Nikamwambia dada mtu kwamba basi, kwa kuwa imebainika ni makosa, msiba ule haukuwa na nguvu, tuufute, tujaze fomu.

"Unafutwaje?" akaniuliza. "Watu walilia kweli. Mama yetu mdogo alilia mpaka akaugua. Akirudi tumpokee hivihivi, mtu aliyezikwa, basi kila homa itakayoingia kijijini itakuwa yake. Mtoto akianguka kwenye kijito, ni yeye. Mtamrudisha leo, kesho watamkimbiza. Afadhali abaki huko anakokula."

Nilihisi karatasi ya maswali matatu ikiniunguza mfukoni. Ukweli ulikuwa huu: mtu mzima, mwenye afya, alikuwa anangoja nyuma ya ukuta jibu langu, na jibu nililoliandaa bila kujua, miaka miwili kabla, lilikuwa kwamba hakuna wa kumpokea.

Kikao kilifanyika mchana kwenye banda la bati ambamo wanakijiji walikusanyia asali kabla ya kuisafirisha. Harufu ya nta ilitulewesha sote kidogo, na nadhani ilisaidia. Walikuwepo wazee wa ukoo, dada mtu, na jirani aliyechomewa nyumba, mwanamume mkimya ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa na ngozi iliyokunjamana kama gome la mti. Na alikuwepo mtani mkuu, yule aliyesimamia kaburi la nguo: mtu mnene, mwenye kofia ya sufu katika jua lile, aliyeingia akicheka kabla hajasalimia mtu.

"Huyu ndiye?" akauliza, akinizunguka kama anayenunua ng'ombe. "Mwembamba hivi? Hakimu mzima na miwani yake amesema mtu hana hatia. Huyu kakaa stoo na panya, akamnyonga!"

Watu wakacheka. Mimi nikasema samahani.

"Samahani ya nini? Mimi nilikula paja zima la mbuzi. Samahani umwombe mbuzi."

Mzee mmoja akamtaka aseme kama mtu aliyezikwa anaweza kurudi. Mtani akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Nyie mnaniuliza mimi kwa sababu mnaogopa kuulizana," akasema. "Sikilizeni. Aliyezika ni nani? Ni mimi na ndugu zangu. Ukoo wake hawakushika hata jembe. Basi kaburi ni letu, si lao. Tulizika vitambaa. Vitambaa tutavifukua, mbele yake, yeye mwenyewe akiwa amesimama anatutazama, na nitamtukana matusi yote niliyomtukana siku ile, ayasikie. Mfu hasikii matusi. Akiyasikia akakasirika, huyo ni mtu. Mambo ya homa za watoto yaishe."

"Na mbuzi?" mtu akachokoza.

"Mbuzi hatapiki. Atanilipa kwa asali."

Dada mtu aliinamisha kichwa. Nilimwona akitabasamu kwa siri, na nikaanza kuandika haraka. Kisha mtani akanigeukia: "Na wewe. Ulituletea nguo bila mtu. Huyo mtu hatashuka kwenye treni peke yake kama furushi. Utamleta mwenyewe, umemshika mkono."

Nikakubali. Kwenye daftari niliandika: *Familia: ndiyo, kwa masharti ya kimila.* Nilikuwa nimeanza kufurahi, kama kawaida yangu, kabla ya wakati. Maana jirani alikuwa bado hajafungua kinywa.

Akakifungua. "Mimi sina kisasi," akasema. "Ukoo wake walinijengea nyumba nyingine, walinipa na mahindi. Lilikuwa kosa la mgonjwa, na mgonjwa ni wa ukoo. Hilo limekwisha. Lakini mama yangu bado anaamka akisikia nyasi zinalia. Arudi. Ila moto asishike. Hata wa kuwashia sigara."

Nikajibu kwa shauku kwamba sheria inaruhusu masharti, kwamba hata nchi za wenzetu mtu hutolewa kwa masharti, na nilikuwa karibu kuifikia Swideni dada mtu aliponikatiza.

"Mrina asali asiyeshika moto atakula nini? Atawaomba nyuki wampishe? Jembe halijui. Mji haujui. Mkimnyima kienge, mmemfunga tena, ila safari hii mimi ndiye askari."

Kila mmoja alikuwa sahihi, na hiyo ni hali mbaya sana katika kikao. Nilitazama karatasi yangu. Fomu haikuwa na nafasi ya watu wawili wenye haki.

Jirani alikuwa anausugua ule mkono, polepole, kuanzia kiwikoni kushuka. Sijui alikuwa anafikiri nini, na nimejizuia miaka yote hii nisimtungie mawazo. Alichosema ni hiki:

"Nitaushika mimi."

"Utashika nini?" dada mtu akauliza.

"Kienge. Yeye apande, arine. Mimi nitakuwa chini au kwenye tawi, nashika moto. Akimaliza nauzima mimi, kwa mchanga. Nikiushika mimi, nitajua uko wapi."

Mzee mmoja akakumbusha kwamba jirani si mrina, hajawahi hata kuupandia mzinga mmoja.

"Nitajifunza," akasema. "Kazi ya kienge si ni kuwaonyesha nyuki moshi?"

Kuhusu sindano, dada mtu alisema atampeleka zahanati kila mwezi, na asipotaka atamburuta. Hilo halikuwa na mjadala.

Niliporudi Mpanda niliandika taarifa ya kurasa kumi na moja. Mkuu wangu akaikata mpaka mbili. Akafuta Norwei, akafuta aya yangu juu ya falsafa ya adhabu, akafuta neno "paradaimu" kwa mistari mitatu. Alipofika kwenye kikao cha banda la asali akaacha kalamu.

"Hapa usiguse," akasema. "Jirani atashika moto. Iandike hivyohivyo. Wakubwa watadhani ni methali, lakini madaktari wataelewa."

"Na hili la furushi?" nikauliza. "Liwemo?"

"Umeua mtu, mwanangu, halafu unataka kuliacha? Liweke mwanzo."

Nikaliweka. Kisha tukangoja. Sitasema ni miezi mingapi, kwa kuwa nilikuwa naihesabu kwa namna isiyo ya haki: mimi nilingoja nikila wali maharage sokoni, nikisikiliza redio. Kila treni ilipoleta mfuko wa barua nilikwenda kupekua kama kijana anayengoja majibu ya mtihani. Siku jibu lilipofika, mkuu wangu ndiye aliyelifungua. Alisoma mpaka mwisho, akachukua kitenge chake kilichokuwa kwenye kiti, akajitanda.

"Kalale mapema," akasema. "Utasafiri kumchukua."

Nilimkuta getini mwa hospitali na muuguzi, amevaa shati jipya lililomzidi. Alikuwa amenenepa kwa dawa, mikono ikimtetemeka kidogo, na alinitazama kwa makini kama mtu anayepima mti kabla ya kuupanda. Muuguzi alikuwa ameshamwelewesha mambo yote, kwa kuwa taarifa yangu ilisomwa kule zaidi ya nilivyotegemea.

"Shikamoo," akaniambia, ingawa alinizidi miaka kumi na tano.

"Marahaba si yangu, mzee. Mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia."

"Nimesikia nimekufa," akasema.

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Akafikiri. "Walilia?"

"Sana. Mama yako mdogo aliugua."

Uso wake ulifunguka. Niliwahi kusoma vitabu vingi kuhusu mgonjwa kurudishwa katika jamii, na hakuna kilichoniambia kwamba habari ya kuliliwa inaweza kuwa dawa. Njia nzima kwenye treni alikuwa akinirudisha kwenye msiba wake: nani alikuja, nani hakuja, mbuzi alikuwa wa rangi gani. Nilipomwambia mtani alikula paja zima, akatikisa kichwa. "Mlafi yule," akasema, kwa mapenzi makubwa.

Pale kituoni watu walikuwa wamekuja wengi kuliko nilivyotaka. Nilimshusha nimemshika mkono kama nilivyoamriwa, tukaonekana kama bwana na bibi harusi. Hakuna aliyemgusa. Tulitembea kwa msafara mpaka nyuma ya kichuguu, na pale mtani na nduguze wakaanza kuchimba, huku mtani akitukana kwa sauti ya mahubiri. Alimtukana pua, akamtukana mwendo, akasema aliazima shoka kwake akalirudisha limekuwa kisu. Mrina alisimama ameinamisha kichwa. Nikaogopa. Matusi yaliendelea, yakafika kwa mama yake, yakafika kwenye asali yake kwamba ni maji ya sukari ya duka la kule kijijini Kakese.

Hapo akainua kichwa. "Asali yangu?" akasema. "Asali yangu? Wewe ambaye mzinga wako hata mende wameuhama?"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilinifanya nirudi nyuma hatua mbili. Dada yake ndiye aliyemfikia kwanza, akampiga kofi la begani, kisha akamkumbatia. Kaburini, mchwa walikuwa wamemaliza shati, suruali na gazeti langu. Zilibaki katambuga. Mtani akazikung'uta udongo, akampa.

"Vaa. Zilikukatalia kufa."

Jirani alikuwa amesimama mbali kidogo, pamoja na mama yake mzazi, bibi kizee mwenye fimbo. Mrina alikwenda mpaka pale, akapiga magoti chini. Sikusikia walichosema, na sikusogea ili nisikie. Niliona tu bibi akiuweka mkono wake kichwani mwa mrina, ukakaa pale.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa kumfuatilia na kupeleka taarifa kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya kwanza nilikuwa naiandaa wakati mlango wa ofisi ulipofunguliwa, akaingia yule jirani, amekuja mjini kwa treni ya asubuhi. Uso umevimba upande mmoja. Mkuu wangu akasukuma kiti kuelekea kwake.

"Nimekuja kushtaki," akasema jirani.

"Amekupiga?" nikauliza.

"Nani? Yeye?" Akagusa shavu. "Hawa ni nyuki. Nimekuja kushtaki maneno yake. Huyu mtu ananinyanyasa. Nikishika kienge anasema nimekishika kama mwiko. Nikipeleka moshi kushoto anataka kulia. Jana yuko juu ya mti, mimi chini nakohoa, ananiambia mama yangu angeshika vizuri zaidi. Mama yangu! Halafu nyumbani mama naye anamuunga mkono."

Mkuu wangu alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Nikatafuta sauti ya kiofisi. Nikamwuliza kama mrina anapata sindano. Anapata, dada mtu hakosi siku. Nikauliza kama analala, kama anasema peke yake, kama amewahi kushika moto. Hajashika, akasema, akimaliza kurina anashuka, anakaa pembeni, anangoja mpaka yeye jirani auzime moto kwa mchanga, na hata hapo mrina husema mchanga ni kidogo.

"Sasa," nikasema, kalamu mkononi, "kisheria una haki ya kujitoa. Tunaweza kuandika kwamba hutaki tena kuwa naye kwenye kazi hiyo. Nikiandika, itabidi wakubwa waliangalie upya jambo lake."

Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Nijitoe?" akasema. "Nani kasema kujitoa? Nimesema mumwandikie barua, yenye mhuri, aniheshimu. Na fanyeni haraka, treni inarudi saa nane. Kesho tuna mizinga sita upande wa mtoni."